Fungate ya Darisalama

Jumanne, 14 Septemba 1971

Nimechoka. Foleni ya mchele tangu alfajiri, na nilipofika mbele mchele umekwisha. Wakanipa unga. Narudi nyumbani Kiponda namkuta Shamsi barazani, kavaa shati la mikono mirefu na jua lile! Nikajua kuna jambo.

Shamsi ni fundi wa redio. Ndiye atakayemuoa Biasha, mwanangu wa mwisho, Ijumaa ya tarehe nane mwezi ujao inshallah. Kijana mwema, ila neno humtoka kwa kuvutwa. Nikavuta. Kumbe wanataka fungate yao wakaifanyie Darisalama. Siku tatu tu — waone sinema, wale aiskrimu, watembee mahali wasipojulikana.

"Hapa, Maalim, nikimshika mkono Biasha pale Forodhani, hatujafika nyumbani shangazi zake washajua ulikuwa mkono gani."

Nikacheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya leo. Nimemwambia nitafikiri, lakini moyoni nshakubali.

Jumamosi, 18 Septemba

Nimewachorea ramani ya Darisalama. Nilikaa kule zamani kwa mafunzo ya ualimu, naijua. Nikawaeleza: asubuhi waende makumbusho, kisha bustani yenye miti iliyoandikwa majina, kisha wapite mbele ya bandari ili waelewe kwa nini mji ulianzia pale na si kwengine. Nyumba ya wageni wachukue Kariakoo, chumba cha juu, kina upepo.

Biasha akasema, "Baba, tunakwenda kustarehe, hatwendi kufanya mtihani."

Shamsi kwa adabu zake akanong'ona kwamba mtaa niliouchora siku hizi haupiti tena pale. Nikaendelea kuchora.

Kazi iliyobaki ni ruhusa ya kusafiri. Bila ya ruhusa ya Serikali hakuna anayepanda meli kutoka Unguja, hata wa kwenda kula aiskrimu. Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 23 Septemba

Leo vita na Bi Tabia. Yeye ndiye somo wa Biasha. Amemfunda tangu alipovunja ungo, na kwetu somo ndiye msimamizi wa fungate: maharusi hukaa siku saba ndani, nyumbani kwa bibi harusi, na somo huwapelekea chakula, humwogesha mwari wake na kumpaka liwa. Namweleza nani? Mazoea ya skuli.

Bi Tabia kasimama ukumbini, buibui limemwanguka mabegani. "Fungate bila ya somo! Watakula wapi?"

"Hotelini, Bi Tabia," akasema Shamsi.

"Hotelini! Bibi harusi, hina haijamkauka, akale mbele ya wanaume wanaopangusa midomo kwa mikono! Basi nami nnakwenda. Nitalala mlangoni."

Shamsi alibadilika rangi, maskini. Biasha alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Imenichukua hadi adhuhuri kumtuliza bibi yule. Kakubali kubaki — kwa sharti bokoboko lake la ngano na nyama wataondoka nalo.

Jambo jengine dogo. Biasha ameanza kunifundisha kupika. Namna ya kuuona wali umekauka, wapi alipoweka pilipili manga. Nikamwambia siku tatu nitakula kwa Bi Tabia. "Jifunze tu, Baba." Nimeunguza sufuria.

Jumatatu, 27 Septemba

Sina hamu hata ya kuandika.

Nilikwenda ofisi ya ruhusa za safari. Aliyenipokea ni Machano, niliyemsomesha darasa la nne — mtoto mtulivu, alikuwa akikaa karibu na dirisha. Akasimama. "Shikamoo, Maalim!" Akanipa kiti chake. Akasoma maombi, akachukua kalamu, na kalamu ilikwisha gusa karatasi! Ndipo akasema, kwa mazungumzo tu, "Fungate Darisalama? Mambo mapya haya, Maalim."

Mtu mwenye akili angecheka, basi. Mimi nikaeleza. Nikaeleza fungate ni nini, siku saba, nyumbani kwa mwanamke na si pengine, kazi ya somo, na hekima ya wazee kuwafungia watu wawili wasiojuana mpaka wazoeane. Nilieleza vizuri sana. Machano alinisikiliza kama zamani, mdomo wazi kidogo.

Kisha akaifunika kalamu.

"Umenifundisha, Maalim. Sasa kama fungate ni siku saba nyumbani kwa mke, hawa siku tatu Bara wanafuata nini? Wakubwa wakiniuliza hivyo nitajibu nini?"

Hakuna ubaya katika sauti yake. Aliuliza kweli. Wengi wameaga hivi, anasema, na hawajaonekana tena. Akatoa rai: Shamsi apewe ruhusa, Biasha abaki. Mume aliyeacha mke mpya nyumbani hurudi mbio.

Fungate ya mtu mmoja! Na mwalimu wake ni mimi.

Alhamisi, 30 Septemba

Nimewaambia leo, nilishindwa kabla. Shamsi alikaa kwenye ngazi akitazama viatu vyake. Biasha aliingia chumbani, nikamsikia analia. Alilia kama siku tuliyomzika mama yake.

Nikabaki ukumbini na kahawa iliyopoa. Mtu halii hivyo kwa ajili ya sinema. Nikakumbuka Shamsi hapokei tena redio za watu, anazimaliza zilizopo tu. Nikakumbuka masomo ya upishi.

Hawakusudii kurudi.

Ningepaswa kuliona mapema. Watoto darasani hawakuweza kunificha hata pipi mdomoni.

Jumapili, 3 Oktoba

Sijamwuliza. Nikimwuliza, ama atanidanganya ama ataniambia kweli, na sijui lipi nitaliweza.

Nyumba hii ina vyumba sita. Tunaishi wawili. Yeye ana miaka ishirini na mbili, na kila aliyesoma naye ambaye angeweza kucheka naye amekwisha ondoka. Hapa atakaa kwa ajili yangu, kwa upole, bila ya kulalamika, akinipangia foleni. Namjua.

Magoti yananiuma.

Jumatano, 6 Oktoba

Nilirudi kwa Machano. Nikamwambia nataka waende wote wawili.

Akafunga mlango. Ipo njia moja, akasema: mzee wa heshima awadhamini, na wasiporudi ndiye atakayeitwa kujibu. "Na mimi pia nitaulizwa nilimwamini kwa nini. Lakini wewe, Maalim, hukupata kutudanganya hata siku moja. Basi niambie tu. Watarudi?"

"Watarudi," nikasema.

Alingoja. Nadhani alitazamia maelezo. Sikumpa. Akatia saini, akanisindikiza mpaka mlango wa nje akiwa amenishika kiwiko.

Biasha aliponiona na karatasi mbili hakuruka, hakushangilia. Alinibusu mkono, akakaa nao usoni muda mrefu. Nikamwambia Darisalama kuna joto, asichukue nguo nyingi. Akasema, "Naam, Baba." Baadaye nikaona nimesema upumbavu, nikamletea sanduku kubwa, lile la mama yake, nikaliacha mlangoni kwake.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nikahi imepita salama, baada ya laasiri. Nilimwozesha mwenyewe. Juu wanawake wanapiga vigelegele, Bi Tabia anafoka juu ya bokoboko. Meli ni kesho asubuhi. Nimejitenga chumbani niandike kidogo.

Machano alikuja. Nilimwalika — kutomwalika kungeleta maneno. Amevaa kanzu mpya. Aliacha viti vya mbele akaja kukaa mkekani ubavuni mwangu, akala halua, akaniambia taratibu kwamba siku ya kurudi, Jumanne, atanipitia twende bandarini pamoja tukawapokee. Mkewe ameshakubali kuwapikia maharusi chakula cha mchana.

Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Yupo bado, namsikia ukumbini. Sasa hivi amebisha mlango, akaingiza kichwa tu, anatabasamu.

"Samahani, Maalim, mke wangu kaniagiza nisisahau. Biasha anapenda nini, kuku au pweza?"

Nikasema pweza. Na kweli anapenda pweza.