Neno Lako Walilolibadilisha

Mama,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko uliko. Sisi ni wazima wa mwili, ila mimi tangu Jumamosi sina raha, na hasira hii sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Ile filamu imetoka. Unawakumbuka wale wageni waliokuja Kojani na kamera, wakilinganisha matibabu ya nchi mbalimbali? Mimi ndiye niliyekubembeleza uzungumze nao. Ulikataa, ukasema huna la kuwaambia wazungu. Nikakwambia watu wakikusikia watajua. Basi ukavaa kanga mpya, ukakaa barazani, ukawaeleza asubuhi nzima: kwamba kweli daktari hataki malipo, lakini yuko ng'ambo kisiwa kikubwa, na maji ya bahari yakitoka boti haifiki, mgonjwa hubebwa kwenye matope. Ukawahadithia dada yako, aliyejifungulia njiani akatokwa na damu mpaka akafa. Mwisho yule mkubwa wao akauliza mnaishije hivyo. Ukacheka kile kicheko chako cha uchungu. "Tushazowea, mwanangu. Tufanyeje?"

Miezi mitatu baadaye ukaanguka jikoni, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na maji yalikuwa yametoka. Kaka Hamad na wenzake walikubeba na kitanda, matope yakiwafika magotini. Tulipofika hospitali, daktari aliniuliza kwa upole mbona tumechelewa.

Jumamosi tukaitwa ukumbini Chake Chake kuitazama filamu. Wakatuonesha mzee mmoja wa nchi ya baridi, naye anaishi kisiwani. Alibanwa na kifua, helikopta ikamfuata mpaka mlangoni. Kisiwa chake kidogo kuliko Kojani, mama.

Kisha ukatokea wewe. Nilikaribia kukuita. Matope hawakuyatia. Mama mkubwa hawakumtia. Walibakisha kicheko na lile neno moja tu, "Tushazowea." Na chini yake maandishi ya Kiingereza, hicho hicho ninachokisomesha kila siku skuli ya Madungu, yakasema kwamba umeridhika.

Umeridhika. Wewe.

Nikasimama. Unanijua nilivyo mwoga mbele za watu, lakini nilisimama. Nikasema, "Huyo ni mama yangu. Hakusema ameridhika. Alisema amezoea, na sasa amekufa."

Yule bwana, mkubwa wa wale wageni, akajibu kwamba nafasi ya maandishi ni ndogo, walitafuta neno fupi, na filamu ilishaoneshwa nchi nyingi. Alisema kwa adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Bi Time, jirani yako, alikuwa kiti cha nyuma. Hakupandisha sauti. Alimuuliza, "Kwenu nyie, mtu akizowea maumivu, ndiyo kapona?" Mkalimani alipomaliza, yule bwana aliinamisha kichwa.

Jana ameniandikia. Maandishi watayarekebisha, na rekodi ya mazungumzo yako yote amenitumia. Nimesikiliza mpaka pale unapotaja jina la dada yako, nikazima. Nitarudi kuyamalizia. Lakini waliokwisha kuiona, mama, wamelala majumbani mwao wakiamini kuna bibi Pemba anayecheka na hana analotaka. Nani atakwenda kuwagongea mlango?

Na mimi nimejikasirikia pia. Ni mimi niliyekwambia watajua.

Wanawake wa Kojani tumeandika barua ya kuomba boti ya wagonjwa, ile inayoweza kupita maji yakiwa madogo. Jumatano tunaipeleka kwa sheha, na sauti yako nitaichukua aisikie yote, tangu mwanzo.

Pumzika, mama yangu. Mungu aipanue na kuitia nuru nyumba yako hiyo. Mimi nakuahidi hivi: siku hiyo kwa sheha nitasema mimi, na sitatoka pale mpaka nisome kwa macho yangu walivyoyaandika maneno yetu.

Mwanao,
Mwanaisha