Mkono Uliotusukuma Tutani

Nyumba Na. 6, Njia ya Kanisa,
Aldewier,
Friesland.

Jumapili, 8 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Sietse,

Habari za huko upande wa pili wa dunia? Mimi ni mzima, isipokuwa mapaja yanawaka moto na makalio yamekufa ganzi, na sababu yake utaisoma huko mbele. Natumaini wewe, wifi yangu Ngaire na ng'ombe wenu wote hamjambo. Najua mwezi huu ndio wanazaa na wewe hulali, kwa hiyo isome barua hii polepole ukiwa umekaa mezani, usiisomee zizini.

Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema unakusumbua. Nauliza kwa sababu mgongo wako unahusika sana humu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu, wewe na mimi tunazungumza hali ya hewa. Nikigusa mambo fulani laini yako hukatika, na siamini kwamba kila mara ni mtandao. Karatasi haikatiki.

Nianze na raha. Msimu huu tumekuwa waendesha baiskeli. Usicheke. Kwenda dukani hakuhesabiki, hiyo ni kama kuvaa viatu tu. Nazungumzia kutoka Jumamosi asubuhi na chupa ya kahawa na mkate wa sukari, bila kuwa na unakokwenda, na kurudi jioni uso ukiwa na chumvi. Hylke amejinunulia kaptula ya kubana yenye sponji makalioni. Mpwa wako Wytske, akija wikendi kutoka chuoni, huongozana nasi, ila alimwambia baba yake mapema kabisa: "Ukipita mjini na hiyo kaptula, sema mimi ni mtoto wa jirani."

Nina miaka hamsini na mbili, na sikujua kama furaha ya namna hii ilikuwa imebaki. Ninamtazama mume wangu mbele yangu anavyokata upepo na tumbo lake, nampenda kuliko siku ya harusi. Hayo usimwambie, atavimba kichwa.

Na Mama huja pia. Tulimpatia baiskeli ya mota, ile isiyo na bomba la kurukia. Mama yetu, mwenye miaka sabini na tisa, anawapita vijana huku anawapigia kengele. Lakini macho yake, Sietse, yanakwisha. Katikati pamefutika, anaona pembeni tu. Nyasi za kulia anaziona, za kushoto anaziona, barabara haioni. Kwa hiyo mimi nakaa ubavuni mwake upande wa upepo, mkono wangu mmoja kwenye usukani, mwingine mgongoni kwake, kama Baba alivyotulea: mwenye nguvu ajitie upepo, amsukume aliye dhaifu. Mama hahitaji kusukumwa, mota ipo, lakini kwa mkono ule anajua nilipo na barabara ilipo. Mwezi ujao daktari wa macho atamwona tena, na tumeshakubaliana kwamba siku hiyo baiskeli inarudi dukani. Hakulia. Alisema tu kwamba kabla ya hapo tumzungushe mpaka achoke.

Wewe katika familia hii hukuwahi kukanyaga pedali kwa nguvu zako. Mkono wa Jelmer ulikuwa kama umeshonwa kwenye koti lako.

Nimelitaja jina lake. Tafadhali usiiweke barua chini.

Unajua tangu tulipomzika kaka yetu hakuna mtu wa kwetu aliyepita Tuta la Pampu, pale juu ya mfereji. Hakuna aliyekataza. Kwenda kwa shangazi tulizunguka upande wa kanisa, tukasema njia ya tutani ina matope. Hata ilipowekwa lami, kwetu sisi bado ilikuwa na matope.

Jana tulipita. Kosa ni langu, na ni kosa la kijinga. Siku hizi njia zote za baiskeli zimewekewa nguzo zenye namba kwenye kila njia panda, na sisi watu wa huku tumeacha kusoma majina ya mahali. Unapanga safari usiku uliotangulia, unaandika namba kwenye utepe, unaubandika kwenye usukani, basi, ukiona namba yako unakata kona kama ng'ombe aendaye kukamuliwa. Nami nilibandika. Namba haikuniambia kwamba hapa ndipo kaka yako alipoingia mferejini. Mimi niliyezaliwa kule nilifuata namba, wala sikuinua kichwa.

Mama ndiye aliyetambua. Hakuona kitu, alisikia. Alisimamisha baiskeli kwenye lango la kondoo, akainamisha sikio, akasema hiyo ni pampu ya kutoa maji mashambani. Ndipo nami nikaiona nyumba ya pampu, imepakwa rangi mpya, na mfereji mweusi chini ya tuta. Ukungu mwepesi ulikuwa unapanda kutoka majini, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Nilifunga breki. Nikamwambia Hylke turudi, tuzunguke kwa kanisa. Wytske hakuelewa kitu, maana hatujawahi kumsimulia vizuri. Lakini Mama alikuwa ameshakanyaga pedali.

"Nimezunguka kanisa lile mpaka nimechoka nalo," alisema. "Na maji yenyewe sasa siyaoni. Nitaogopa nini? Twende."

Tukaenda. Hylke na Wytske walitangulia, mimi na Mama nyuma tukiwa sambamba, mkono wangu mgongoni kwake. Nyuma yetu hapakuwa na mtu. Naomba ushike hilo, kwa sababu nililihakikisha: nilipofunga lango nilitazama, njia ilikuwa tupu mpaka kwenye upeo, kondoo tu.

Upepo ukageuka, ukatupiga usoni. Nikasikia nyuma yangu mvumo wa dainamo ya taa. Unaukumbuka, ule wa gurudumu dogo likisuguana na tairi, unaopanda kadiri unavyokanyaga. Nani ana dainamo siku hizi? Nikafikiri ni mzee fulani anataka kupita. Nikasogea. Hakupita mtu, mvumo ukabaki palepale. Kisha nikahisi mkono.

Ulikaa katikati ya mabega, mahali pake. Haukuwa baridi wala haukunikwaruza, yale wanayosema watu. Ulinisukuma kidogo, ukapapasa, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, halafu ukaniacha. Niliogopa, Sietse. Niliogopa hata nikashindwa kugeuka. Lakini nikuambie ukweli, ulipotoka nilisikitika kwamba hakunitaka mimi.

Wakati huohuo Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeongea na mtu jikoni:

"Froukje, nina mikono miwili mgongoni. Mmoja ni wako."

Niliuacha mkono wangu palepale. Mama akaendesha kidogo, halafu akageuza uso pembeni, upande anakoona.

"Acha, Jelmer," alisema. "Usijichoshe. Mama yako ana mota siku hizi."

Na mvumo ukatupita. Sikuona kitu, niliusikia tu ukitupita kwa pembeni, upande wa maji, ukaelekea kwa Wytske. Nikamwona mwanangu amenyooka ghafla kwenye kiti. Tulipofika kwenye benchi mwisho wa tuta, alikuwa anamgombeza baba yake kwa nini amemsukuma bila kumwambia, karibu amwangushe. Hylke akaapa mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na tena yeye ndiye aliyekuwa mbele. Yeye hakuguswa. Kwa mgongo ule mpana, nadhani hata gizani hawezi kufananishwa na wewe.

Tulikaa. Nilimimina kahawa, nyingine ikamwagika. Hapo nikamsimulia Wytske, na wewe nitakuandikia mara moja tu kile nilichomwambia, ili ujue hatukukusingizia. Nilimwambia kwamba ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kwamba Jelmer alikuwa akikungoja kwenye pampu kila ukitoka mazoezini, mrudi pamoja. Kwamba jioni ile ya ukungu dereva wa lori la maziwa alikupa lifti, akatupa baiskeli yako nyuma, ukarudi kwa barabara kuu, ukawa umekaa nyumbani unakunywa maziwa ya moto wakati yeye anakwenda na kurudi tutani anaita jina lako. Watu wa ng'ambo ya mfereji walimsikia akiita. Halafu hawakumsikia tena.

Hylke, unamjua shemeji yako, akasema yote ni upepo, ukipiga tuta hurudi kinyumenyume na kumsukuma mtu.

"Upepo una vidole, Hylke?" Mama akamuuliza.

Akala mkate.

Kisha Mama akasema hivi, nami nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Hajatulia mtoto yule. Bado anamtafuta Sietse. Kila mgongo unaopita anaushika, akiona siye anauacha."

Nikamuuliza lile ambalo wewe na mimi hatujathubutu kuuliza. Nikamuuliza kama alikulaumu. Nikamwambia kwamba ulihama kwa sababu hiyo, kwamba hata kwenye mazishi ya Baba hukuja kwa sababu hiyo, kwamba unaamini ndiyo maana mama yako hakuwa akikuita kwa jina tangu siku ile. Mama alinitazama kwa pembe ya jicho.

"Mtoto wa umri ule akipewa lifti ya lori, anapanda," alisema. "Ningemlaumu kwa lipi? Kila nikifungua mdomo nimwite Sietse, lilikuwa linatoka jina la Jelmer. Nikaogopa mtoto asije akasikia anaitwa kwa jina la marehemu. Nikaona bora nisiite kabisa. Yeye akadhani namchukia?"

Nikasema ndiyo, alidhani.

Ndipo alipolia, Sietse. Kwa ajili ya macho yake hakulia, lakini kwa ajili ya maneno haya alilia. Wytske akamshika mkono, Hylke akajifanya anakagua mnyororo.

Mdogo wangu, miaka yote hii nimekuwa nikimwambia Mama kwamba una kazi nyingi, na wewe nakuambia Mama anakusalimia. Nimechoka na uongo huo mzuri. Njoo. Njoo kabla baiskeli haijarudi dukani, ili Mama apite na wewe pale akiwa bado anapanda mwenyewe. Ng'ombe wanazaa, najua, wamezaa kila mwaka na wataendelea kuzaa. Ngaire alikulia zizini kuliko hata wewe.

Baiskeli yako ya zamani ilikuwa bandani, chini ya nyavu za Baba. Jana ileile niliipeleka kwa fundi. Alicheka alipoona kiti kilivyokuwa chini, akaniuliza kama nina mjukuu. Nikamwambia kipandishe mpaka mwisho, mwenyewe sasa ni mtu mzima wa karibu hamsini. Kisha nikajiuliza njia nzima ya kurudi kama Jelmer atakujua ulivyo mnene. Nilimuuliza Mama. Alisema mgongo wa mtoto aliyeusukuma hauwezi kumpotea.

Sijui ninaamini nini. Hylke anaamini upepo. Mimi najua tu kwamba usiku wa jana nililala chali ili mgongo usibaki wazi, na asubuhi Mama naye aliniambia alilala hivyohivyo.

Hylke anakusalimu na anasema atakufuata uwanja wa ndege, ameahidi kuvaa suruali ndefu. Wytske anamsalimu mjomba wake, anataka kukuona uso kwa uso na si kwenye kioo cha simu. Shangazi Baukje anauliza kila Jumapili kanisani kama bado hujasahau lugha. Nisalimie Ngaire sana, umwambie asikuzuie, na akitaka kuja naye, kitanda kipo na baiskeli ya kuazima haikosekani. Mungu akulinde njiani, akupe upepo wa nyuma, na akuvushe bahari zote hizo mpaka mlangoni kwetu.

Wako akupendaye,
Dada yako Froukje

N.B. Nilimsomea Mama barua hii kabla ya kuifunga. Ameniambia niongeze kwamba siku ya kupita tutani usivae koti nene.