Mdhamini Wangu Anasema Hanijui

Rispa, Mama Muoki jirani anaapa alichukua simu ya kulipa pole pole na mdhamini wake hakupigiwa hata mara moja. "Andika namba yoyote, Nzisa, hao hawana muda." Nikamwamini.

Nimetoka huko kwa ajenti wa simu sasa hivi. Nimechoka mpaka roho.

Unajua wiki mbili nimekuwa nikilinganisha. Kampuni moja haitaki malipo ya kwanza wala mdhamini, lakini ni mia kwa siku, mwaka mzima. Ile ingine inataka mdhamini na elfu mbili na nusu ya kwanza, halafu sabini kwa siku. Nikapiga hesabu, hiyo ya pili iko chini kwa karibu elfu nane na nusu. Hiyo ni kodi yangu ya miezi miwili.

Sasa mdhamini nikaandika mamake Jackton wangu. Ajenti akampigia pale pale, kwa spika, watu wamepanga laini nyuma yangu.

"Mama, Nzisa ni nani wako?"

"Nzisa gani? Huyo anakaa na kijana yangu? Huyo hajaletwa nyumbani. Mimi simjui."

Simjui! Miaka mitatu, Rispa. Krismasi nilimfulia mpaka mapazia. Simjui!

Ajenti akanirudishia fomu. "Dada, tafuta mtu anakujua." Laini yote ikacheka.

Na wateja wa kusuka wananitumia picha za mitindo, hii simu yangu haizifungui tena.

Ajenti anafunga saa kumi na moja. Nimpe namba yako? Akikupigia utasema unanijua?

Naona umesoma.

Rispa?