Uji wa Ulezi kwenye Mrija wa Jotham

Dada Velma mpendwa, nisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana hata nikiwa macho naona kama naota. Mimi ni muuguzi wa watoto huku ughaibuni, katika hospitali moja ya mji wa Saint Paul, na wodini kwetu amelazwa Jotham, wa miaka miwili, ambaye hawezi kumeza na analishwa maziwa maalumu kwa mrija uliopita puani hadi tumboni, pampu ikiyasukuma polepole. Mama yake, Lois, ni Mkenya, na aliponisikia nikiongea Kiswahili alilia, akaniita dada, na Jumatatu akatoa thamosi ya uji mwepesi wa wimbi, ule sisi wa Bukoba tunaouita ulezi, akasema, "Dadangu, hii maziwa ya mashine haina nguvu. Mpatie kidogo tu, wewe unaelewa." Theluji ilikuwa ikianguka dirishani, pampu inanong'ona, harufu ya ule uji ikanichukua hadi jikoni kwa marehemu mama, na mikono yangu ikazima pampu, ikavuta uji kwa bomba la sindano, ikausukuma, na Jotham akanitazama kwa utulivu nikaona nimefanya jambo jema. Mrija ukaziba. Tukauchomoa tukaweka mwingine, mtoto analia mpaka sauti inamkauka, na Jumanne asubuhi nikarudia, ukaziba tena, na mara zote mbili nikaandika "umeziba" tu, bila sababu. Sasa daktari anasema mrija wa puani umemkataa, Alhamisi apasuliwe awekewe wa tumboni. Nikisema, naweza kupoteza leseni, na Lois ataona nimemsaliti. Nifanyeje?

Generosa, mkazi wa Hopkins

Generosa, pole mdogo wangu. Ugenini harufu ya nyumbani hulevya, nami imeshanilevya. Lakini Jumatatu ulilewa, Jumanne ulikusudia. Uji, hata uwe mwepesi vipi, huganda kwenye mrija mwembamba, na hilo ulifundishwa kabla hujavaa sare. Unaiogopea leseni, unamwogopa Lois, na barua nzima sijaona unapomwogopea Jotham kisu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi uliyoyaficha wewe si yako.

Leo ni Jumatano. Ukimaliza kusoma, mpigie msimamizi wa zamu, umtajie uji, mara mbili, na saa zake, kisha sahihisha rekodi. Halafu keti na Lois umweleze mwenyewe, kabla hajaambiwa na mgeni, na mwende pamoja kwa mtaalamu wa lishe kuuliza wimbi utafaa lini. Leseni huenda ikatikisika, sikufichi. Itikisike.

Siku Jotham atakapoweza kumeza, pikeni huo uji wewe na Lois, mumpe kwa kijiko.