Mikono ya Jumamosi Saa Nne

Tarehe 9 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama. Mimi ni mzima wa kuchoka. Bado nipo kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mashuka hayaishi. Tunapiga pasi kana kwamba dunia nzima imelazwa.

Nina jambo la kukwambia, najua utacheka. Tangu mwaka jana nasomea Reiki. Ni uponyaji wa mikono. Mtu analala na nguo zake, wewe unamwekea viganja machoni, kooni, kifuani, tumboni, kila mahali dakika tano, na unatulia. Hukandi, hubonyezi, hupaki dawa. Wanasema nguvu inapita yenyewe, wewe ni njia tu. Nilipelekwa na mwenzangu wa zamu, siku mabega yangu yalipokataa kuinuka. Mwalimu wetu ni mama mmoja mstaafu aliyekuwa mpiga chapa. Aliniwekea mikono kichwani, nikalia mpaka foronya ikalowa, na hadi leo sijui nililia nini.

Sasa nimemaliza daraja la pili. Ukifika hapo unafundishwa kumtumia nguvu hiyo mtu aliye mbali. Mnakubaliana saa, mgonjwa anajilaza kwake, na wewe huku unaweka mikono juu ya mto badala ya mwili wake. Nataka kumtumia mama, kwa ajili ya ule mkono na mguu uliolala tangu apigwe na kiharusi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, nusu saa. Dawa za daktari aendelee nazo vilevile.

Ila Mwalimu ana sharti: hakuna kutuma bila ruhusa ya mgonjwa mwenyewe. Muulize mama, kisha unijibu.

Binti yako


Tarehe 24 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama yako anakula vizuri. Maneno yake ni machache lakini yanatosha kunigombeza. Mgongo wangu unalia kila ninapomgeuza, ila fundi saa aliyekaa amejikunja miaka arobaini hana wa kumlaumu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kazi ya kuponya huku mgonjwa amelala na mganga ametulia, hapana kukanda wala kubonyeza? Ningejua ipo, nisingejitia upofu kwenye vijigurudumu vya saa za watu. Lakini sicheki sana. Mfa maji haachi kutapatapa, na sisi tumeshayanywa mengi.

Mama amekubali. Jumamosi saa nne, basi. Saa za nyumba hii hazichelewi, hilo unalijua.

Baba yako


Tarehe 23 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo vipi? Na mama je? Huku kwetu mashine moja ya kukaushia imekufa, kwa hiyo tunaanika kwa mkono, na vidole vyangu vimepasuka kama vya mpasua kokoto.

Jumamosi nne zimepita. Nikishika ule mto viganja vinapata joto, halafu vinawasha, halafu najisikia kama kuna mtu kweli upande wa pili. Wenzangu wa darasa la Reiki wanasema ndivyo inavyokuwa mgonjwa akipokea. Lakini mimi naweza kujidanganya, baba, nimechoka kiasi hicho. Niambie mama anasikia nini. Usinipambie.

Binti yako


Tarehe 5 Aprili

Binti yangu,

Marahaba, na pole na vidole. Paka mafuta kabla ya kulala.

Umeomba nisikupambie, basi sikupambii. Saa nne ikigonga, mgonjwa wako anajilaza. Kwanza kifua kinakuwa chepesi. Kisha joto linapanda kutoka miguuni, pole pole, halafu usingizi. Wiki iliyopita alikoroma. Akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda hajui ni asubuhi au ni jioni, na siku hiyo hagombani na mtu.

Usiache, mwanangu. Nakuomba usiache.

Baba yako


Tarehe 21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Barua yako niliisomea kazini, nikajificha nyuma ya marundo ya mashuka ili nilie vizuri. Miaka yote hii sijawahi kumfanyia mama jambo likamfikia.

Nilimwonyesha Mwalimu. Akaniambia nisimame mbele ya darasa nieleze, nami nikaeleza, wanafunzi kumi na wawili, hadi kukoroma kwa mama nikawasimulia. Sasa amenipa nafasi ya daraja la tatu, la ualimu. Mafunzo ni Juni.

Najua likizo ya Juni niliwaahidi nyinyi. Lakini kama mama anapata nafuu hivi, naona hakuna haraka. Nitakuja mwakani, nikiwa mwalimu kamili. Unaonaje?

Binti yako


Tarehe 26 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Najua nimekaa kimya zaidi ya mwezi. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeichana.

Mama yako hajambo, yaani yuko vilevile. Mkono ule haujainuka hata siku moja. Anayejilaza Jumamosi saa nne ni mimi.

Nilimuuliza, kama ulivyosema. Nilikuwa nampangusa mdomo. Akajibu neno moja moja: "Mikono yake naitaka. Aje nayo." Nikaona nikikuandikia hivyo nitakuchoma, maana najua kwa nini hujaja tangu augue. Hatujawahi kulisema lakini najua. Nikaandika amekubali, nikidhani nitamlaza tu hiyo nusu saa, asijue. Jumamosi ya kwanza akakataa kitanda. Alitaka kukaa dirishani atazame wapita njia. Saa nne ikagonga. Nikafikiri, binti kule ameshika mto, na huku hakuna wa kupokea. Niliona aibu, kama mtu anabisha hodi na wenye nyumba wamo, hawaitikii. Nikajilaza mimi.

Mwanangu, nililala. Tangu mama yako augue silali, nasinzia. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, namsafisha, namlisha, namvisha, na nikimaliza ni wakati wa kuanza tena. Sijui kama ile ni nguvu yako, au ni kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyesema saa hii ulale. Yote niliyokuandikia ni kweli, joto na kukoroma. Ila yalikuwa yangu. Nimekula sehemu ya mama yako.

Ningeendelea kunyamaza, maana nusu saa ile ni tamu. Lakini umeahirisha kuja kwa sababu ya uongo wangu. Na wiki iliyopita nilikuwa namtoa bafuni, magoti yakanikatalia, tukashuka wote wawili taratibu mpaka chini. Tulikaa sakafuni tumelowa mpaka jirani alipopita akatuinua. Mama yako alicheka. Mimi sikuweza.

Nimechoka, mwanangu. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu.

Baba yako


Tarehe 4 Juni

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, umeshaniambia.

Nimekukasirikia siku tatu. Sisi wa Reiki tunafundishwa kusema kila asubuhi, kwa leo tu sitakasirika. Nimelisema, na nimekasirika. Nilisimama mbele za watu nikajisifu kwa usingizi wa mama ambao haukuwapo. Na kumbe aliniita, na wewe ukaukalia mwito wake.

Jana nilimweleza Mwalimu. Akaniuliza: "Ulikuwa unatuma kwa sababu ni mbali, au kwa sababu unaogopa?" Nikamwambia naogopa. Naogopa kumwona mama akishindwa kushika kikombe. Ni rahisi kushika mto, baba. Mto haukutazami. Hapo hasira zikaniisha, maana wewe ulidanganya kwa barua mbili, mimi nimedanganya tangu siku ya kwanza.

Mafunzo nimeyaacha. Nafika tarehe 20, na likizo yote ni yenu. Nitamwogesha mimi, nitamgeuza mimi, mashuka ndiyo kazi yangu. Wewe utalala mpaka uchoke kulala, na hakuna atakayekugongea mlango.

Kuhusu Reiki, bado naamini kuna kitu, ila sijui tena ni kitu gani. Muulize mama kama nikifika ataniruhusu niuwekee viganja ule mkono wake. Safari hii niandikie alichosema yeye, neno kwa neno.

Binti yako


Tarehe 11 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimemuuliza.

Amesema, "Aniulize mwenyewe."

Baba yako