Wimbo Ambao Haskel Hakuumaliza

Caney Bottom, Kentucky
Jumanne, 8 Oktoba

Mpendwa shemeji yangu Orvil,

Habari za huko Ohio? Natumaini goti limepoa, na kwamba Nedra bado anakukataza chumvi nawe bado unaificha gereji. Sisi huku tunapumua. Ningesema hatujambo, kama nilivyozoea kukuandikia, lakini safari hii naogopa, na ni afadhali nikwambie mapema.

Nimechagua barua kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na nikiongea kwenye simu nasikika kila chumba. Sitaki ndugu yako Haskel ajue.

Chama chetu cha bluegrass, huu muziki wetu wa banjo na fidla, kinaendelea. Kila Alhamisi watu wanajaa katika ile shule ya zamani, magitaa mengi kuliko viti, na mimi bado ndiye kipaza sauti cha bonde zima. Nabandika matangazo mlangoni mwa duka, nawapigia simu wazee wasio na mtandao, nawajulisha watu nani kafiwa na nani kanunua fidla mpya. Unanijua, siri hainikai. Hii nimeibana tangu Agosti, Haskel alipoanza kusahausahau, nayo inanitafuna.

Alhamisi iliyopita Haskel alianzisha ule wimbo wa kinu, wa marehemu baba yenu. Banjo ililia vizuri kabisa. Vidole vyake havina tatizo. Zamu ikazunguka duara lote, fidla, mandolini, gitaa, ikamrudia yeye. Tukangoja ainue mguu kuashiria mwisho. Hakuinua. Tukazunguka tena, na tena. Unajua hapa hakuna anayethubutu kumfungia mwenzake wimbo aliouanzisha, basi watu waliendelea kupiga huku wanamtazama kiatu.

Mwishowe Denzil, yule mpiga besi wetu, akamtania: "Mzee, tuhurumie bwana, vidole vyangu vinaomba ruhusa ya kwenda nyumbani."

Watu wakacheka, wimbo ukafia hapo. Haskel hakucheka. Alinitazama mimi, kama mtoto aliyepotezana na mama yake, nami nikasimama nikatangaza kwamba maharage yanapoa. Hata jikoni yalikuwa hayajabandikwa.

Tulikuwa garini, tumeshavuka daraja. Akaniuliza taratibu, "Verlene, ule wimbo nani alikuwa anauongoza?"

Nikamwambia ni Denzil. Sijui kwa nini. Niliogopa tu.

Tangu siku hiyo simu haziishi. Wanauliza kama ni yeye atakayefungua tamasha letu mwisho wa mwezi, kama tangazo linavyosema. Nawajibu kwamba ana mafua.

Lakini hofu yangu si tamasha, shemeji. Ulimuuguza baba yenu humu humu ndani, ukaona alivyoishia kumwita mama yenu "yule mwanamke". Haskel akikwama katikati ya maneno, namalizia mimi haraka. Kila asubuhi akifungua macho nasubiri kwanza anitaje jina, ndipo nishuke kitandani. Daktari wa mjini nimemwomba nafasi, lakini Haskel mwenyewe anakataa kwenda. Anasema hana homa.

Nilikuwa nimepanga kukuomba uje kwenye tamasha na mandolini yako, ukae ubavuni pake, akikwama umalizie wewe. Ndugu kwa ndugu hakuna ambaye angeshangaa. Jambo la Jumapili ndilo lililonifanya nisingoje.

Nilikuwa naosha vyombo, akaingia amevaa ile suti yake nyeusi, kofia mkononi. Akanilaumu kwamba sijavaa na tutachelewa mazikoni. Nikamuuliza maziko ya nani.

"Ya Orvil," akasema. Akaketi pale mezani akalia, shemeji, akalia mpaka mabega yakatikisika. Nilimwambia uko hai, mzima, unakula chumvi kwa kujificha. Akaniambia nisimbembeleze kama mtoto.

Njoo. Usipige simu kwanza. Sauti tupu hataiamini. Njoo akuone kwa macho yake, wakati bado akikuona atajua ni wewe.

Nisalimie Nedra na wajukuu. Denzil anakusalimu, na shangazi yenu Opal anasema bado unalo sufuria lake. Mungu akulinde barabarani na akufikishe salama.

Salamu za Haskel sikuweza kumwomba. Mpaka leo amekataa kuivua ile suti.

Mimi shemeji yako nikupendaye,
Verlene