Tundu la Akoth

Jumatatu, 4 Agosti
Mbita. Nageuza samaki, mbuta, kwenye jiko la kukaushia tangu asubuhi. Moshi wote machoni, kawaida ya jiko hili. Mjukuu wangu Akoth amepiga simu kutoka ng'ambo. Huko anachora magari ya mashindano, yale ya kukimbia masaa nane mfululizo. Alianza na bawaba za milango. Miaka tisa sasa yuko kwenye kazi hiyo. Gari la Jumamosi hii ni lake zima. Nimeuliza kama anakula. Ati anakula. Muongo.

Jumatano, 6 Agosti
Nina hasira. Mdosi wake anataka kuziba tundu la upepo alilochora Akoth karibu na breki. Ati linapunguza mwendo. Akoth amekataa, bila upepo breki zitaungua. Gari lisipomaliza, hana kazi. "Dani, nyanya yangu, nimekosea?" akaniuliza. Nimemwambia apanguse kamasi, asimame pale aliposimama.

Ijumaa, 8 Agosti
Min Otieno, jirani, amekuja na beseni na mdomo wake. "Huyo wako si ni makanika tu?" Nikamwambia, "Makanika anafungua gari lililoharibika. Wangu analitoa kichwani likiwa bado halipo. Beba samaki wako uende."
Jua limetua, Sabato imeingia. Nimezima simu, nimeifungia kabatini. Mashindano ni kesho. Sabato ni Sabato.

Jumamosi, 9 Agosti
Kanisani sikusikia neno hata moja. Aibu. Na jua leo limekataa kushuka. Lilipotua nikafungua kabati, nikawasha simu, nikampigia Akoth.
Limemaliza! La tatu. Lililokuwa linaongoza liliunguza breki mwishoni, likasimama. La Akoth likalipita. Alikuwa analia na kucheka, mdosi anapiga makofi nyuma yake.
Nikamuuliza, "Na hao wawili walikupitaje?"
Kisha nikakaa chini.

Jumapili, 10 Agosti
Akoth akiwa na miaka tisa alitoboa jiko langu kule chini, upande wa ziwa. Ati moto upumue. Nilimchapa. Nikaziba kwa udongo. Miaka ishirini na tano nimekula moshi kwa kiburi changu.
Leo nimechukua panga, nimelifungua lile tundu.
Mbuta wanakauka vizuri. Moshi unapanda juu, umenyooka. Sijampigia kumwambia. Akija Desemba ataliona mwenyewe.